Chaza haogelei, lakini maji ni ya wote

Samaki unayemkosa leo Fumba, Unguja, kesho anaweza kuvuliwa Kizimkazi. Chaza siyo hivyo. Akishajishika kwenye jiwe, ndiyo kwake mpaka afe. Mama anayechokoa chaza miambani akimwona bado mdogo, akamwacha anenepe, bamvua lijalo, maji yatakapokupwa sana tena, atamkuta pale pale, ila kama mwenzake amemtangulia. Na mwenzake akimtangulia hakuna wa kumlaumu: pwani haina hati, na yule aliyemwacha hakuacha alama.

Hapo ndipo ilipo shida ya kutunga sheria za kuvuna chaza, kombe na jamaa zao wote wenye magamba. Kwa tabia, kiumbe huyu ni kama muhogo: anakaa, ananenepa, anamsubiri mwenye kisu. Lakini shamba lake ni maji, na maji kila mtu anayapita. Sheria za uvuvi zilitungwa kwa viumbe wanaozurura, ambao si mali ya mtu mpaka waingie wavuni. Sheria za ardhi zilitungwa kwa mazao ambayo yana mwenyewe tangu mbegu. Chaza yuko katikati, na nchi zinazomvuna kwa wingi zimelazimika kumtungia sheria za namna mbili zinazokaa pamoja: moja kwa maji ya umma, nyingine kwa maji ya kukodi. Asiyezitenganisha hawezi kuelewa kwa nini mvuvi mmoja anakamatwa kwa kuvuna mwezi wa saba, na jirani yake, mita hamsini pembeni, anajaza magunia mchana kweupe bila kuulizwa.

Nitalieleza jambo hili kwa kutumia Ghuba ya Chesapeake, mashariki mwa Marekani, ambayo majimbo ya Maryland na Virginia yanaigawana. Huko wamegombania chaza kwa takriban miaka mia mbili, mahakamani, kwa bunduki na kwa ramani, na ugomvi ule umeacha kanuni ambazo mpaka leo zinafanya kazi.

Mwenye shamba na wenye mashua

Mzizi wenyewe uko kaskazini kidogo ya ghuba hiyo, New Jersey. Bwana mmoja, Arnold, alikuwa na shamba kando ya Mto Raritan, karibu na Perth Amboy. Alipanda chaza kwenye maji yaliyo mbele ya shamba lake, akayazungushia vijiti vya mpaka, akiamini kwamba hati ya ardhi yake inateremka mpaka chini ya maji. Siku moja Mundy na wenzake wakaja na mashua wakawavuna. Arnold akashtaki, na mwaka 1821 mahakama ya juu ya New Jersey ikamkatalia. Hoja yake ilikuwa kwamba sakafu ya maji yanayojaa na kupwa ni ya watu wote, na dola imeishika kama mdhamini tu. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kuifanya yake kwa hati ya shamba lililo pembeni.

Mwaka 1842 ugomvi wa aina hiyo hiyo, katika maji yale yale ya Raritan, ulifika Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Martin na Waddell. Safari hii upande mmoja ulidai umiliki wa zamani uliotokana na wafalme wa Uingereza, na upande wa pili ulishika ruhusa iliyotolewa na jimbo kwa sheria yake ya chaza. Ruhusa ya jimbo ikashinda.

Ukiziweka hukumu hizo mbili pamoja, umepata msingi wote. Mtu hawezi kumiliki maji, lakini mdhamini wa maji anaweza kumruhusu mtu atumie sehemu yake kwa masharti. Ndiyo maana anayekodi maji hajanunua kitu. Hawezi kuzuia mashua kupita juu ya eneo lake. Kilicho chake ni chaza aliowapanda, na haki ya kuwavuna peke yake. Watu wengi, hata waandishi wa habari, huandika kwamba fulani "ameuziwa bahari", na hasira inaanzia hapo. Hasira ya aina hiyo ingepungua sana kama neno lingekuwa sahihi.

Na hao "watu wote" ni akina nani? Mwaka 1876 raia wa Maryland aliyepanda chaza katika Mto Ware, Virginia, alitozwa faini ya dola 500, na Mahakama ya Juu ikasema Virginia ilikuwa na haki: maji yale yalikuwa mali ya pamoja ya watu wa Virginia, si ya kila mpita njia. Umma nao una mipaka. Leo katiba ya Virginia inatamka wazi kwamba mafungu ya asili ya chaza, yaani sehemu walizojikusanya wenyewe bila kupandwa, hayatakodishwa wala kuuzwa, yatashikwa kwa amana kwa faida ya wananchi. Sijui vifungu vingi vya katiba popote duniani vinavyomtaja chaza kwa jina.

Kwenye maji ya umma, sheria huuchelewesha mkono

Msimu wa 1884 hadi 1885 Maryland ilivuna takriban busheli milioni 15 za chaza. Busheli moja ya huko inazidi madebe mawili ya kwetu. Hebu fikiria malori. Reli zilibeba chaza mpaka bara, na viwanda vya Baltimore viliwafungasha kwenye makopo.

Pale ambapo kila mwenye leseni anaruhusiwa kuvuna, huwezi kumwambia mtu "hawa ni wako, watunze", kwa sababu si wake. Sheria inabaki na njia moja: kupunguza kasi. Mwaka 1865 Maryland iliruhusu kukokota chuma chenye meno chini ya bahari, lakini kwa vyombo vya tanga pekee. Mwaka 1868 ikaunda kikosi cha askari wa majini cha kuwalinda chaza, na risasi zilirushwa kwelikweli baina ya askari na wakokotaji, na baina ya wakokotaji na wale wanaovuna kwa koleo za mkono. Majahazi ya tanga yaliendelea kukokota hadi karne ya 20 ikiwa imesonga. Mwaka 1967 ndipo yaliporuhusiwa kusukumwa na injini, tena siku mbili tu kwa wiki.

Kwa juu juu inaonekana ujinga kumlazimisha mtu atumie tanga wakati injini ipo. Mimi naiona busara yake. Fungu la chaza haliwezi kukimbia. Mwenye mtaji wa injini kubwa angelimaliza kwa wiki moja, na mwenye mashua ndogo angekuta mchanga. Kwa hiyo kanuni nyingi za maji ya umma, ukizichungua, ni za aina hiyo: miezi ya kuvuna (Maryland ni tarehe 1 Oktoba hadi 31 Machi), siku za wiki, saa za mchana, aina ya kifaa, idadi ya busheli kwa siku. Kila moja inapunguza kitu kimoja kidogo. Udhaifu wake ni kwamba inauchelewesha kila mkono, lakini mikono yenyewe ikiongezeka, ucheleweshaji hautoshi.

Kanuni inayoeleweka vibaya kuliko zote ni ya ukubwa. Katika maji ya umma chaza anayeruhusiwa kuchukuliwa lazima afikie inchi 3, yaani sentimita 7.6, kama upana wa kiganja bila kidole gumba. Mtazame mvuvi wa koleo akiwa kazini. Ameinua fungu zima kutoka chini, limejaa tope, magamba matupu, chaza wakubwa na wadogo wameshikana kama mkungu wa ndizi. Analimwaga kwenye ubao uliolazwa juu ya mashua. Mkononi ana nyundo ndogo yenye kipimo cha chuma. Anagonga, anatenganisha, anapima mmoja mwenye shaka, anamtupa. Chaza mkubwa mwenye vitoto viwili mgongoni anamgonga taratibu, maana vitoto vikivunjika ni hasara ya miaka mitatu ijayo. Na wadogo pamoja na magamba matupu vinarudi majini hapo hapo, juu ya fungu lile lile, kabla mashua haijasogea.

Kwa nini magamba matupu nayo yarudi? Kwa sababu kichanga cha chaza huogelea wiki mbili tatu tu za mwanzo wa maisha yake, kisha hutafuta kitu kigumu cha kujishikiza, na hakuna kitu akipendacho kama gamba la chaza mwenzake. Akitua kwenye tope amekufa. Kwa hiyo anayebeba gamba amebeba nyumba, na fungu linaweza kufa kwa kukosa magamba hata kama chaza hai bado wapo jirani.

Kuna jambo jingine ambalo kipimo cha inchi 3 hakilitatui. Chaza wa huko wengi huanza maisha ya uzazi wakiwa madume, wakikua hugeuka majike. Basi kanuni inayosema "chukua wakubwa, acha wadogo" kwa kweli inasema, bila kukusudia, "chukua majike". Ndiyo sababu kubwa iliyowafanya wataalamu kudai maeneo ambayo havunwi chaza wa ukubwa wowote. Mwaka 2010 Maryland ilipanua hifadhi hizo kutoka asilimia 9 hadi asilimia 24 ya mafungu yaliyobaki, na wavuvi walilalamika kwa uchungu. Siwalaumu: walioambiwa waondoke ni wale wale ambao babu zao ndio waliolipeleka jina la ghuba ile mbali.

Kufikia msimu wa 2003 hadi 2004, mavuno ya Maryland yalikuwa yameshuka hadi busheli 26,000 hivi. Kutoka milioni 15. Si uvunaji pekee ulioleta hali hiyo. Magonjwa mawili ya chaza, MSX na Dermo, yaliua mafungu mengi kuanzia katikati ya karne ya 20, na udongo kutoka mashambani ulifunika mengine. Lakini fungu lililokwisha kunyolewa magamba halina pa kuanzia upya ugonjwa ukipita.

Kwenye maji ya kukodi, sheria huuliza mstari uko wapi

Mtu aliyekodi maji hahitaji kucheleweshwa. Akimaliza chaza wake leo, hasara ni yake. Kwa hiyo msimu wa umma haumfungi kwa namna ile ile. Anaweza kuvuna hata mwezi wa saba akiwa na vibali vyake. Wengi hupanda chaza waliozalishwa vituoni wasiotumia nguvu kwa uzazi, hivyo hata majira ya joto, wakati chaza wa asili wamekonda kwa kutaga, hawa wamenona. Sheria hapa ina maswali mengine. Mbegu imetoka wapi, isije ikaleta ugonjwa? Eneo limewekewa maboya? Unalitumia kweli, au umelishika tu ili mwingine asilipate? Maryland humtaka mkodi apande kila mwaka, na asiyetumia anaweza kunyang'anywa. Virginia, kwa miaka mingi, kodi ilikuwa dola 1.50 kwa ekari kwa mwaka, na mkataba ni wa miaka 10 unaoweza kurudiwa. Kwa bei hiyo, bila sharti la kutumia, watu wangekodi ghuba nzima na kulala.

Lakini swali kuu ni la mstari. Kama mafungu ya asili ni ya umma na hayakodishwi, lazima mtu aamue fungu la asili linaanzia wapi na kuishia wapi. Virginia ilimpa kazi hiyo afisa wa upimaji aliyeitwa Baylor mwaka 1892. Alizunguka akiongozwa na wenyeji walioteuliwa katika kila kaunti, wakimwonesha: hapa pana chaza, hapa pia, na pale. Akachora zaidi ya ekari 200,000 kuwa za umma. Maryland ilipitisha sheria ya ukodishaji mwaka 1906, kisha mpimaji Yates akatumia miaka sita, hadi 1912, akichora mafungu yake.

Sasa tazama kilichotokea. Chaza walikufa, mistari ikabaki. Eneo ambalo mwaka 1910 lilikuwa fungu hai, miaka mia baadaye ni tope tupu, lakini kwa ramani bado ni "fungu la asili", hivyo halikodishwi. Mfugaji aliye tayari kupeleka magamba na mbegu kwenye tope lile anakataliwa ili kulinda chaza ambao hawapo. Na mvuvi wa umma naye hapati kitu pale. Ilichukua Maryland hadi mwaka 2009 kuibadilisha sheria yake ya ukodishaji ili kufungua maeneo ya namna hiyo. Kwangu mimi hili ndilo fundisho zito kuliko yote katika habari ya Chesapeake: mstari uliochorwa bila tarehe ya kuangaliwa upya huishi kuliko kile ulichochorewa.

Wala usidhani wavuvi waliopinga ukodishaji walikuwa na husuda tu. Waliogopa kampuni zenye fedha. Leo eneo moja, kesho kumi, kesho kutwa mwana wao ni kibarua kwenye maji aliyozaliwa akiyavua bure. Hofu hiyo iliwafanya wabunge wa kaunti za pwani kuweka vikwazo juu ya vikwazo kwa miaka mia. Siku hizi wameongezeka wapinzani wapya, wenye nyumba za kifahari ufukweni, ambao hawapendi kuona vizimba vikielea mbele ya madirisha yao. Maombi ya eneo jipya hutangazwa, watu hupinga, kikao huitwa. Mwombaji wa ekari tano anaweza kusubiri muda mrefu kuliko chaza wake wangehitaji kukua.

Ugonjwa hauulizi eneo ni la nani

Kuna tabaka la tatu la sheria, nalo linawafunika wote wawili. Chaza hula kwa kuchuja: mmoja aliyekomaa anaweza kupitisha lita 190 hivi za maji kwa siku. Uchafu uliomo majini huingia naye. Majira ya baridi ya 1924 kuingia 1925, homa ya matumbo iliyotokana na chaza wabichi iliwashika watu zaidi ya 1,500 katika miji kadhaa ya Marekani, ikiwemo Chicago na New York, na takriban 150 wakafa. Biashara ikaporomoka, na wafanyabiashara wenyewe wakaiomba serikali iwasimamie. Mwaka 1925 ukazaliwa mpango wa taifa wa usafi wa viumbe wenye magamba, ambao mpaka leo ndio unaoamua maji yapi yavunwe.

Maji hupimwa vijidudu vya kinyesi mara kwa mara, kisha hupewa daraja: yaliyoruhusiwa, yaliyoruhusiwa kwa masharti, yenye vizuizi, na yaliyopigwa marufuku. Kwa maji yaliyoruhusiwa wastani usizidi 14 kwa kila mililita 100. Maji ya masharti huko Maryland hufungwa siku tatu mvua ikinyesha inchi moja au zaidi kwa saa 24, kwa sababu mvua hushusha vya barabarani na mashambani. Chaza wa maji yenye vizuizi hawatupwi. Kwa kibali wanaweza kuhamishiwa maji safi wakae angalau siku 14 wajisafishe. Na kila gunia hubeba lebo: nani amevuna, wapi, siku gani. Mwenye mgahawa anatakiwa aitunze lebo ile siku 90 baada ya gunia kwisha, kwa sababu maradhi kama homa ya ini aina ya A huweza kuchukua wiki kadhaa kujitokeza, na bila lebo hakuna wa kufuata nyuma.

Maryland kazi hii imegawanywa kwa idara tatu: ya mazingira hupima maji, ya maliasili husimamia uvunaji, ya afya hukagua wauzaji. Mvuvi anaweza kuwa halali kwa mmoja na haramu kwa mwingine siku hiyo hiyo. Inachosha, lakini sheria hii nisingeigusa. Ukubwa na msimu vinalinda chaza. Lebo inamlinda mtoto wa mtu aliye mbali asiyejua hata Chesapeake iko wapi.

Na pwani yetu

Kwetu hatuna historia ya majahazi ya bunduki, lakini kigingi kimekwisha kupigwa. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo pwani za mashariki ya Unguja zimejaa kamba na vijiti. Hati hakuna, ila kila mtu anajua kitalu cha nani kinaishia wapi. Huko ni kukodi bila karatasi. Kwenye rasi ya Fumba akina mama walianza miaka ya 2000 kufuga chaza wa lulu-nusu, yaani lulu inayokua imegandamana na gamba, kwa msaada wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, na vijiji vikatenga sehemu ambazo hazichokolewi ili mbegu isiishe. Hiyo ni hifadhi, ni maji ya umma na ni maji ya mtu, vyote ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Tofauti moja na Chesapeake ni kubwa. Kule wavunaji wa umma walikuwa wanaume wenye mashua, leseni na wabunge. Hapa wavunaji wa chaza na kombe wengi ni wanawake wanaokwenda kwa miguu na ndoo, kipande cha chuma na mtoto nyuma. Kamati za wavuvi za shehia zipo, lakini mama wa kuchokoa si kila mara anahesabiwa kuwa mvuvi. Hana chombo, hana namba. Ufugaji wa chaza na majongoo bahari unavyotafuta nafasi, eneo litakaloonekana "halina mtu" litakuwa lile analolitegemea yeye.

Kwa hiyo mambo mawili yaandikwe kwenye kila kibali kabla ya kigingi: njia ya kupita kwa miguu maji yakipwa, na mwaka ambao mstari utapimwa tena. Baylor aliongozwa na wenyeji. Hilo alilifanya vizuri. Mpimaji atakayetumwa Fumba naye aongozwe, na aje siku ya bamvua, saa ambayo akina mama wameinama miambani. Akija siku ya maji mafu, ambayo hayakupwi sana, ataona bahari tupu, na ndivyo atakavyoandika.